Eliabu Alimwona Nani?

Mazungumzo ya redioni. Somo: 1 Samweli 17:12–42

Ninyi mlio Katito na Pap Onditi, ninyi wa Sondu na Ahero, na ninyi mnaotusikiliza kandokando ya ziwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache. Mwenye Biblia karibu na aifungue katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17. Aliye jikoni na aendelee na kazi yake, sisi tutamsimulia.

Habari ya Daudi na Goliathi twaijua tangu Shule ya Jumapili, na huenda tumeizoea mno. Leo sitaki tumfikie Goliathi upesi. Nataka tusimame kambini, pale kaka mkubwa anapomwona mdogo wake.

Wana watatu wakubwa wa Mzee Yese walikuwa vitani. Baba yao akamtuma Daudi awapelekee bisi na mikate kumi, na jibini kwa mkuu wao. Kijana akaamka alfajiri. Sasa tazama neno dogo katika mstari wa 20 ambalo wengi wetu hulipita: kabla ya kuondoka, aliwaacha kondoo katika mikono ya mlinzi. Tena alipofika kambini, mizigo aliyoichukua aliiweka kwa mtunza vyombo, ndipo akaenda kuwasalimu ndugu zake. Huyu ni kijana wa namna gani? Ni mtu wa utaratibu, ambaye mzazi aweza kumtuma mbali akalala usingizi.

Lakini katika mstari wa 28 Eliabu anamkuta akiulizauliza habari, na hasira inamwaka. Anamwuliza wale kondoo wachache amewaachia nani. Kisha, bila kungoja jibu, anamwambia kwamba kiburi chake anakijua, kwamba amekuja kutazama vita tu.

Wasikilizaji, jibu la swali la Eliabu lilikuwapo. Kondoo walikuwa na mlinzi. Ila Eliabu hakuuliza ili ajibiwe. Kichwani mwake alikuwa na picha ya kijana: mvivu, mwenye jeuri, mpenda kutazama mambo. Daudi alipotokea akavikwa picha hiyo, nayo haikuwa yake.

Picha ya namna hiyo kila jamii inayo. Sisi twaiita kwa maneno mepesi, "vijana wa siku hizi". Ukisikia mtu anaanza na maneno hayo, wajua hatamalizia kwa sifa. Simama pale Katito, magari ya Sondu yanapoachana na yale ya Kendu Bay. Mama akiona vijana wanne wameegemea pikipiki zao, mkono wake hukaza mkoba. Hawajamfanyia neno. Wala hakumbuki kwamba usiku mjukuu wake aliposhikwa na homa, mmoja wa vijana kama hao ndiye aliyempeleka kwa daktari.

Kosa hili si la moyo peke yake. Ni la macho pia, kwa maana picha tuliyo nayo huchagua habari tutakazoziamini. Nitatoa mfano ambao wengi mnaukumbuka. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona. Mwezi wa Juni habari ikaenea nchi nzima kwamba katika kaunti ya Machakos wasichana wa shule karibu 4,000 walikuwa wamepata mimba wakati huo wa kukaa nyumbani. Wahubiri tukaihubiri. Wazazi wakatazamana. Kila mtu akasema, si mwaona, wakikaa bure miezi mitatu tu.

Baadaye waliochunguza hesabu ile walikuta mambo mengine. Ilikuwa hesabu ya waliofika kliniki tangu Januari hadi Mei, nayo ilichanganya wote wenye umri wa miaka 10 hadi 19, hata wale wa miaka 18 na 19 waliokwisha kuolewa. Tena msichana aliyefika kliniki mwezi wa Februari hawezi kuwa amepata mimba kwa ajili ya shule kufungwa mwezi wa Machi. Hili halihitaji mtaalamu, lahitaji vidole vya kuhesabia. Na mwaka uliotangulia, shule zikiwa wazi, hesabu haikuwa ndogo kuliko hiyo. Mbona basi hatukuuliza? Kwa sababu habari ile ilifanana na picha tuliyokuwa nayo.

Sisemi kwamba hakuna shida. Shida ipo, na inaumiza. Uchunguzi wa serikali juu ya afya ya watu, ule wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kati ya kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamewahi kupata mimba. Hao ni wengi mno. Lakini uchunguzi wa mwaka 2014 ulikuwa umekuta 18. Maana yake hesabu ilishuka, na sisi huku twaapa kwamba kila mwaka mambo yazidi kuharibika. Tena Samburu walikuwa 50 katika kila 100, hapa jirani yetu Homa Bay 23, na huko Nyeri na Nyandarua 5 tu. Umri ni ule ule, damu ya ujana ni ile ile. Kama ujana wenyewe ndio ungekuwa ugonjwa, ungewapata wote sawasawa. Mwenye kutazama vizuri aona kwamba msichana aliyekosa shule, na aliye maskini, ndiye aliye hatarini zaidi. Shule na umaskini ni mambo ya sisi watu wazima.

Au chukua disko matanga. Sisi wa Nyanza hatuna haja ya kuelezwa. Serikali imezipiga marufuku zaidi ya mara moja, na kila mara lawama huwaangukia vijana waliocheza hadi asubuhi. Lakini jenereta na vipaza sauti vilikodiwa na nani? Mtoto wa miaka 15 hana fedha hizo.

Yafaa tujue pia kwamba picha hii yaweza kuua kwa njia nyingine, yaani kwa kusamehe. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, na wengine 71 walinajisiwa. Siku zile iliripotiwa kwamba mmoja wa viongozi wa shule alieleza ya kuwa wavulana hawakukusudia kuwadhuru, walitaka tu kuwanajisi. Ulimwengu ulishangaa, na ulistahili kushangaa. Lakini tusiyatupe maneno hayo upesi kana kwamba yalitoka mbali. Yanatoka katika ule usemi wetu wa kila siku, "ndivyo vijana walivyo". Anayeamini kwamba mvulana hawezi kujizuia hatamfundisha kujizuia. Hivyo mvulana atazamiwa atende uovu na huachiliwa, na msichana hushukiwa kabla ya kutenda neno.

Je, lawama za mkubwa zamgeuza mdogo? Wazee wetu walilijua jibu, na wataalamu wamelipima. Mwaka 2009 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Wake Forest huko Marekani, Christy Buchanan, pamoja na mwenzake Johnna Hughes, walitoa matokeo ya kuwafuata watoto waliokuwa wakianza ujana na mama zao. Mahali ambapo mama, au mtoto mwenyewe, alitazamia kwamba ujana utakuwa wa ukaidi na wa kufuata marafiki wabaya, baada ya mwaka mmoja mambo hayo yalionekana zaidi. Sababu ni rahisi kufahamu. Anayetazamia wizi hufunga kabati. Mtoto akiona kabati limefungwa, amekwisha kuambiwa yeye ni nani. Wengine hulia, na wengine husema, kama ndivyo mnavyoniita, basi na iwe hivyo.

Katika dala ya Mjaluo, kijana alipokuwa mkubwa alijenga simba yake, na simba ilijengwa karibu na lango, rangach. Fikiri maana yake. Aliyelala hapo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia nyayo za mgeni au mwizi usiku. Wazee hawakumweka kijana langoni kwa kuwa wamemchoka. Waliweka boma zima nyuma ya mgongo wake. Wasichana nao walilala kwa bibi katika siwindhe, wakafundishwa mambo ya nyumba na ya utu. Sisemi kila la kale lilikuwa jema. Wakati huo huo wa ujana meno sita ya chini yaling'olewa, na sijasikia mtu anayetamani yale yarudi! Lakini siku hizi tukisikia "simba" twacheka na kufikiri uchafu, na lile la ulinzi tumelisahau. Kijana ni yule yule. Tuliyoyatazamia kwake ndiyo yaliyobadilika.

Mwezi wa Juni 2024 nchi yetu ilipata funzo juu ya jambo hili. Vijana walikuwa wakisemwa kwamba hawasomi, hawajali, hawana wanalojua ila simu. Kumbe kwa simu zile zile waliusoma Mswada wa Fedha, wakaufafanua kwa lugha za makwao, wakatoka barabarani Nairobi, Kisumu na miji mingine. Tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Wengi waliuawa katika siku hizo na zilizofuata, na mama zao wangali wanalia. Mtu aweza kukubaliana nao au kuwapinga. Lakini hawezi tena kusema kwamba hawasomi.

Sasa tuingie kanisani, maana huko ndiko nilikokuwa nakwenda. Binti wa kwaya akipata mimba, katika makanisa mengi husimamishwa mbele ya watu au hutengwa na Meza ya Bwana. Kijana aliyempa mimba huketi benchi la nyuma, na kama ni mtu mzima mwenye fedha, huenda anaketi la mbele. Serikali ya Kenya tangu mwaka 1994 imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, na mwaka 2020 ikatoa mwongozo mpya wa kumsaidia arudi. Je, inakuwaje mwalimu mkuu amfungulie mlango na mzee wa kanisa amfungie? Nawauliza ninyi wazee wa halmashauri, kwa heshima yote. Liwekeni jambo hili katika kikao chenu kijacho.

Tena ulizeni hili: katika kanisa lenu, kijana wa miaka 17 ameaminiwa na nini? Kupanga viti na kupiga ngoma, ndiyo. Je, amewahi kuhesabu sadaka pamoja na wazee? Amewahi kushika ufunguo? Yese alimwaminia Daudi chakula cha askari na njia ya kwenda vitani.

Maana tazama tena sura yetu. Eliabu alimdharau Daudi kwa ujana wake. Mfalme Sauli, katika mstari wa 33, alimwambia kwa upole kwamba yeye ni kijana tu, hawezi. Na Goliathi, katika mstari wa 42, alimdharau kwa sababu hiyo hiyo. Ndugu, mfalme na adui, watatu wasiopatana kwa neno lolote, wamepatana katika hili.

Na Daudi alimjibuje kaka yake? Hakumtukana. Aliuliza amekosa nini, kisha, yasema mstari wa 30, akamgeukia mtu mwingine, akauliza swali lile lile tena.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaanzia mstari wa 38, habari ya mavazi ya Sauli ambayo hayakumfaa kijana. Kwaherini.