Cha Bum-kun: Mgeni Aliyeitwa Mshindo

Tarehe 30 Desemba 1978, katika baridi kali ya Ujerumani Magharibi, timu ya Darmstadt iliteremka uwanjani kupambana na Bochum, na miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo kijana wa miaka 25 kutoka Korea ya Kusini, Cha Bum-kun. Ulikuwa mchezo wake wa kwanza katika Ligi Kuu ya Ujerumani. Kwa Darmstadt ulikuwa wa kwanza na wa mwisho, kwani Jeshi la Anga la nchi yake lilimwita arudi amalize utumishi wake. Wapo wasomaji wetu waionjao hali hii bila ya kusimuliwa: mtu amekwisha kufika, mzigo umekwisha kufunguliwa, kumbe ipo karatasi moja iliyobaki mezani kwa mkubwa fulani. Kijana alifunga mzigo akarudi kwao.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alizaliwa Hwaseong, kusini ya Seoul, mwaka 1953, na tangu mwaka 1972 alikuwa akiichezea timu ya taifa, alipoitwa akiwa na miaka 18 tu. Mwaka ule ule timu yake ilifika fainali ya Kombe la Asia mjini Bangkok ikafungwa na Iran mabao 2 kwa 1. Lakini mchezo uliomtia katika vinywa vya watu wote wa nchi yake ni ule wa Seoul mwaka 1976 dhidi ya Malaysia. Korea ilikuwa nyuma kwa mabao 4 kwa 1, na zimebaki dakika chache mno. Cha akafunga la pili, akafunga la tatu, akafunga la nne. Mchezo ukamalizika sare. Shirikisho la Korea humhesabia mabao 58 aliyoifungia timu ya taifa.

Katikati ya mwaka 1979, utumishi wa jeshi ulipokwisha, alirejea Ujerumani, safari hii kwa Eintracht Frankfurt. Inafaa msomaji akumbuke kwamba Wakorea hawakuwa wageni kabisa katika nchi ile. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1977 wachimbaji wa makaa ya mawe wapatao 8,000 walipelekwa huko kwa mkataba wa serikali mbili, na wauguzi zaidi ya 10,000 wakaingia katika hospitali za Wajerumani. Hao walifanya kazi chini ya ardhi na katika zamu za usiku, mahali ambapo hakuna mtazamaji apigaye makofi. Cha alikuja kufanya kazi yake mbele ya maelfu, mchana, na jina lake likisomwa magazetini kila wiki. Sisi tunaoishi ugenini hatuhitaji kuelezwa tofauti yake.

Wajerumani walilifurahia jina hilo. Katika lugha yao “bum” ni sauti ya mzinga kulipuka, nao wakawa wakimwita Cha Bum, kwa mbio zake na kwa uzito wa mkwaju wake. Mnamo Septemba 1979 alifunga bao Aberdeen, kwenye uwanja wa timu iliyofundishwa na Alex Ferguson, katika sare ya 1 kwa 1, na mwezi Mei 1980 Frankfurt ikatwaa Kombe la UEFA kwa kuitoa Borussia Mönchengladbach. Mwaka uliofuata, katika fainali ya Kombe la Ujerumani, Kaiserslautern ilifungwa mabao 3 kwa 1 na moja kati ya hayo lilikuwa lake.

Baina ya vikombe hivyo viwili ndipo lilipotokea jambo ambalo sisi twalihesabu kuwa kubwa kuliko vikombe vyenyewe. Mwezi Agosti 1980, mwanawe wa kiume Du-ri, aliyezaliwa Frankfurt, akiwa na umri wa mwezi mmoja hivi, Cha alikumbana na mlinzi wa Bayer Leverkusen, Jürgen Gelsdorf, akavunjika mfupa wa uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni. Mashabiki wa Frankfurt waliwaka hasira dhidi ya Gelsdorf. Mwenyewe aliyeumizwa alimsamehe. Alipona, akarudi uwanjani, na mwaka 1983 alipohama Frankfurt alikwenda wapi? Leverkusen, kwa Gelsdorf huyo huyo, wakawa wanavaa fulana ya rangi moja na kubadilisha nguo katika chumba kimoja.

Huko Leverkusen ndiko alikofunga mabao 17 katika ligi ya msimu wa 1985-86, msimu wake bora. Kiangazi kile alikwenda Mexico na timu ya taifa, ambayo ilikuwa haijaliona Kombe la Dunia tangu 1954. Kundi lilikuwa la Argentina, Bulgaria na Italia. Korea ilipata sare moja tu, na Cha hakufunga. Alingojea hadi tarehe 18 Mei 1988. Leverkusen ilikuwa imefungwa na Espanyol ya Barcelona mabao 3 bila katika fainali ya kwanza ya Kombe la UEFA. Katika marudiano nyumbani ilirudisha mawili, na katika dakika ya 81 Cha, zikiwa zimebaki siku 4 atimize miaka 35, akafunga la tatu. Kombe likaamuliwa kwa penalti na Leverkusen ikashinda. Aliustaafu mpira mwaka 1989 akiwa na michezo 308 ya Ligi Kuu ya Ujerumani na mabao 98, wala hakuna hata moja alilofunga kwa penalti.

Sasa tuje kwenye kurudi nyumbani, ambako ndiko penye mtihani. Tangu 1991 hadi 1994 aliifundisha Hyundai ya Ulsan bila ya kutwaa ubingwa. Kisha, mwezi Desemba 1996, timu ya taifa ya Korea ilifungwa mjini Dubai na Iran mabao 6 kwa 2 katika Kombe la Asia, na mapema mwaka 1997 akaitwa yeye. Tarehe 28 Septemba 1997, mjini Tokyo, Japani ilitangulia kufunga. Korea ikarudisha dakika ya 83 na kupata la ushindi dakika ya 86. Nchi nzima ililiimba jina la kocha. Tiketi ya Ufaransa ilipatikana mapema.

Nchi ile ile haikumpa miezi 10. Mwezi Juni 1998, mjini Lyon, Ha Seok-ju aliitangulizia Korea bao dhidi ya Mexico, na dakika chache baadaye akatolewa kwa kadi nyekundu. Mexico ikashinda 3 kwa 1. Tarehe 20 Juni, mjini Marseille, Uholanzi ya Guus Hiddink iliwafunga 5 bila. Cha aliachishwa kazi mashindano yakiendelea, na mchezo wa mwisho dhidi ya Ubelgiji, ulioisha 1 kwa 1, ukasimamiwa na msaidizi wake. (Hakuwa peke yake: Saudia na Tunisia nazo ziliwafukuza makocha wao katika mashindano hayo hayo.) Baadaye alisema hadharani kwamba katika ligi ya Korea kulikuwa na michezo iliyopangwa matokeo. Shirikisho likamfungia miaka 5. Akavuka bahari kwenda Shenzhen, China: akawa mgeni tena, naye ana miaka 45.

Mwaka 2002 Korea iliandaa Kombe la Dunia pamoja na Japani, na aliyeifikisha nusu fainali ni Hiddink yule yule wa Marseille. Cha alikuwapo, lakini katika kiti cha mtangazaji wa televisheni, akiwasimulia watazamaji mchezo ambao mwanawe Du-ri alikuwa akiucheza. Twajaribu kufikiri sauti ya baba yafaa iweje katika hali hiyo, nasi hatupati jibu.

Mwaka 2004 alikabidhiwa Suwon, na msimu huo huo fainali ya ubingwa dhidi ya Pohang ilikwenda kwenye penalti. Mkwaju wa mwisho wa Pohang ulipigwa na kipa wao, Kim Byung-ji, ambaye Cha alimfundisha Ulsan na ambaye ndiye aliyesimama langoni siku ya Marseille. Kipa wa Suwon, Lee Woon-jae, akaudaka. Cha akawa bingwa wa nchi yake kwa mara ya kwanza akiwa kocha, na mwaka 2008 akautwaa tena. Aliondoka Suwon mwaka 2010.

Rekodi yake ya mabao 121 kwa Mkorea katika soka la Ulaya ilidumu hadi Novemba 2019, ilipovunjwa na Son Heung-min, ambaye naye alipitia Leverkusen. Mwezi huo huo serikali ya Ujerumani ilimtunukia Cha nishani yake ya heshima. Alikuwa na miaka 66, na ilikuwa imepita miaka 40 tangu alipopewa ruhusa ya jeshi kurudi Frankfurt.