Upawa, Ngata na Sindano ya Shaba

Jumamosi saa tano asubuhi, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, umefurika hadi mtu anatembea kwa kusukumwa. Kibaka akachomoa simu kwenye mkoba wa dada mmoja, akatoka nduki. Hakufika mbali. Mama lishe aliyekuwa akipakua wali maharage kibarazani alimuwahi kwa upawa ule ule, na mchuzi wake, katikati ya paji la uso. Simu ikadondoka. Kibaka akapotelea vichochoroni, shati lake likinukia nazi, huku watu wakishika mbavu kwa kicheko. Mama akasuuza upawa kwenye ndoo, akaendelea kupakua.

Kando yake palikuwa na kisu kirefu cha kukatia nyama. Hakukigusa. Nikamuuliza kwa nini.

"Kaka, kilichokuwa mkononi ni upawa," akanijibu, kisha akaniuliza kama nakula au nazuia wateja.

Jibu lake lilinikumbusha gemu anayoicheza mpwa wangu kwenye kompyuta. Inaitwa Dwarf Fortress, imetungwa na ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, na ilianza kutoka mwaka 2006. Kwa miaka mingi skrini yake ilikuwa herufi na alama tupu, ndipo toleo la picha likaja Desemba 2022. Jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliiingiza kwenye hazina yake mwaka 2012. Ndani yake wanaishi watu wafupi wenye ndevu, wanaochimba mji chini ya mlima. Mchezaji hutoa maagizo tu; jinsi ya kuishi na kufa wanajua wenyewe.

Kinachowachekesha wachezaji ni silaha zao. Adui akivamia, mchimbaji humkabili kwa sururu, na gemu humhesabia ustadi ule ule alioupata kwenye kupasua miamba. Kilema hupigana kwa gongo lake. Shujaa akishaua mara nyingi kwa shoka moja, huzama katika mapenzi nalo, akalipa jina. Mpwa wangu anaona ni vituko. Mimi naona hao jamaa wangeelewana sana na mama lishe wa Mtaa wa Kongo.

Na jina lenyewe la Kariakoo ni ushahidi kwamba chochote kilicho mkononi chaweza kupigana vita. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, eneo hili liligeuzwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Ulimi wa mji ukalifinyanga jina hilo hadi likawa letu, kama lilivyozaa Kariokor kule Nairobi. Kwa hiyo soko kubwa kuliko yote nchini limepewa jina la jeshi lisilokuwa na bunduki.

Lakini Vita ya Kwanza ya Dunia huku kwetu, bila wapagazi hao, isingekwenda hata hatua moja. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota, malori yalikwama kwenye matope ya masika, na reli haikufika kusini. Kila kasha la risasi na kila gunia la unga lilipanda juu ya kichwa cha mtu, kilo ishirini na kitu kwa siku nzima ya mwendo. Chombo cha mpagazi kilikuwa ngata, kitambaa kilichosokotwa duara, basi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Ukitoka sokoni kwa miguu hadi Mtaa wa Samora utamkuta Askari wa shaba aliyesimamishwa mwaka 1927, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Mpagazi hakusimamishwa pamoja naye hapo juu. Sanamu ya vita hiyo hiyo iliyoko Nairobi angalau imemweka ubavuni mwa wenye silaha.

Wazee wa pwani waliijua mapema siri ya vitu vinyonge. Fumo Liyongo, shujaa wa upinde, alipofungwa gerezani hakuokolewa na upinde. Mama yake alimtuma kijakazi Saada ampelekee mikate. Walinzi waliila mizuri, wakauachia ule wa wishwa, chakula cha kudharauliwa, na tupa ilikuwa humo ndani. Nje ngoma ikapigwa na watu wakaimba, ndani minyororo ikakerezwa. Hata kifo chake hakikuja kwa upanga: mwanawe mwenyewe alimdunga kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Tupa ilimtoa, sindano ikamwua. Zote mbili unaweza kuzificha kwenye kiganja.

Nisije nikapamba, hata hivyo. Kuna silaha ya mkononi iliyowagharimu watu. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, yakiaminiwa kuwa yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Hayakuzigeuza. Bombomu zilifyeka watu Mahenge, na njaa iliyofuata ikamaliza wengi zaidi. Ila maji yale yalifanya kazi moja ambayo mkuki haukuwahi kuifanya: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni walijikuta wakipigana kwa neno moja. Maji kila kijiji kinayo. Hayakuhitaji mhunzi wala mfanyabiashara wa baruti, na ndiyo maana yalisambaa haraka kuliko bunduki yoyote.

Basi mtu akishika silaha ya ajabu, nimeacha kumcheka. Naangalia kwanza ameshinda wapi siku nzima, na mkono wake umezoea nini.

Nilimaliza wali wangu, nikalipa. Kuli akapita na robota la mitumba kichwani, ngata ya kitenge imechomoza masikioni, shingo imekakamaa kama nguzo. "Mzigo! Mzigo huo!" Umati uliokuwa haupenyeki hata kwa sindano ukapasuka katikati. Mgambo mmoja aliyekuwa akifukuza machinga naye alijibanza ukutani, akalikumbatia rungu lake kifuani, akampisha.