Kompyuta ikigoma kuwaka, si lazima iwe bodi kuu imekufa

NI asubuhi ya Jumatatu. Wateja wamepiga foleni mbele ya kibanda cha kuchapa na kunakili hati, nayo kompyuta iliyozimwa vyema Jumamosi jioni haitaki kuwaka. Mwenye kibanda anabonyeza swichi mara kumi, anapiga kasha kofi, kisha anamwita fundi. Fundi anatazama kidogo na kutoa hukumu: bodi kuu imeungua, inunuliwe nyingine.

Huenda ni kweli. Hata hivyo, hukumu hiyo aghalabu hutolewa mapema mno. Bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita madabodi, ndiyo inayounganisha prosesa, kumbukumbu, diski na umeme, na kwa sababu hiyo hulaumiwa kwa makosa ya kila jirani yake. Fundi anayeihukumu bila hata kushika bisibisi anastahili kuulizwa maswali mawili matatu kabla ya kulipwa.

Jambo la kwanza ni kutofautisha maradhi mawili. Kuna kompyuta isiyoonyesha dalili yoyote ya uhai: hakuna taa, hakuna feni inayozunguka. Na kuna ile ambayo feni zake zinavuma lakini skrini imebaki giza. Tiba zake ni tofauti.

Kwa ile iliyo kimya kabisa, uchunguzi huanzia ukutani. Soketi ijaribiwe kwa taa au chaja ya simu, na waya wa umeme ubadilishwe. Nyuma ya kasha huwa na swichi ambayo mfagiaji anaweza kuizima bila kujua. Mashine kuukuu, hasa zilizoletwa kama mitumba kutoka Marekani, huwa pia na kiswichi chekundu cha kuchagua volti 115 au 230. Kikiachwa kwenye 115 na mashine ikachomekwa kwenye umeme wa Kenya, ambao ni volti 240, kisanduku cha umeme hupasuka kwa kishindo na moshi ukafuata. Hata hapo bodi kuu huenda imepona, na kinachohitajika ni kisanduku kingine tu.

Wakati mwingine dawa ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Waya uchomolewe, kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa muda wa nusu dakika ili umeme uliosalia ndani uishe, kisha mashine iwashwe upya.

Ikishindikana, kisanduku cha umeme kipimwe. Waya ukiwa umechomolewa ukutani, plagi kubwa ya pini 24 huondolewa kwenye bodi, kisha kipande cha waya hutumiwa kuunganisha tundu la waya wa kijani na la waya wowote mweusi. Umeme ukirejeshwa, feni ya kisanduku inapaswa kuzunguka. Isipozunguka, mshukiwa amepatikana. Lakini feni kuzunguka si ushahidi kamili kwamba kisanduku ni kizima. Mita ya umeme ndiyo husema kweli: waya wa manjano uwe na volti 12, mwekundu 5 na wa rangi ya machungwa 3.3, tofauti isizidi asilimia tano. Baadhi ya watengenezaji hutumia plagi zao maalumu, nazo hazifuati mpangilio huu.

Onyo hapa si la kupuuzwa. Kisanduku chenyewe kisifunguliwe na asiye na ujuzi, kwani ndani yake mna kapasita zinazoweza kuhifadhi mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa.

Kisanduku kikiwa kizima, kitufe cha kuwashia nacho kishukiwe. Nyaya zake huishia kwenye pini mbili ndogo za bodi, na ncha ya bisibisi ikizigusa zote mbili kwa nukta moja, mashine inapaswa kuamka. Ikiamka, tatizo lilikuwa kitufe, kifaa kisichokaribia hata kidogo bei ya bodi.

Maradhi ya pili, ya feni kuvuma huku skrini ikiwa giza, ndiyo yenye mafumbo zaidi. Mara nyingi chanzo ni kumbukumbu iliyolegea au iliyoshika vumbi. Umeme ukiwa umekatwa, na baada ya kugusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, vipande vya kumbukumbu vichomolewe, miguu yake ya rangi ya dhahabu isuguliwe taratibu kwa raba laini ya penseli, kisha virejeshwe kimoja kimoja hadi vibanio vilie. Plagi ndogo ya prosesa, yenye pini nne au nane, nayo ikaguliwe. Ikisahaulika, feni zitazunguka siku nzima bila chochote kuonekana.

Bodi nyingi zenye spika ndogo hueleza maradhi yao kwa milio. Maana ya milio hiyo hutegemea aliyetengeneza programu ya BIOS, kwa hivyo kinachomaanisha kumbukumbu kwenye bodi moja huweza kumaanisha kadi ya picha kwenye nyingine. Lipo hata hivyo jaribio moja la maana sana: kumbukumbu yote iondolewe na mashine iwashwe. Ikilia kulalamika, basi bodi na prosesa zingali hai.

Isipolia, bodi itolewe kwenye kasha na kulazwa juu ya kadibodi, ikiwa na prosesa, feni yake na kipande kimoja cha kumbukumbu pekee. Ikiwaka hapo, huenda skrubu iliyopotea njia ndani ya kasha ilikuwa ikipiga shoti. Betri ya mviringo aina ya CR2032 nayo ipimwe, maana inapaswa kuwa na volti tatu. Kuiondoa kwa dakika chache, umeme ukiwa umekatwa, hurejesha mipangilio ya awali kwenye bodi nyingi.

Jicho nalo lina kazi yake. Kapasita zilizovimba utosini au kuvuja uchafu wa kahawia ni ishara ya bodi iliyochoka. Kasoro hiyo ilitapakaa duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka wa 2005 kampuni ya Dell ilitenga takriban dola milioni 300 kugharamia kompyuta za OptiPlex zilizoathiriwa. Fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuzibadilisha, mradi uwezo wa kapasita mpya ulingane na wa zile za zamani, volti zake zisipungue, na upande wa hasi usigeuzwe.

Na iwapo bodi imekufa kweli, hati za wateja hazikufa nayo. Zimo kwenye diski, ambayo huweza kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine na kusomwa. Kikwazo huwa kwenye mashine za kisasa ambazo diski yake imefungwa kwa msimbo: bila ufunguo wa kuokolea, uliohifadhiwa mapema kwenye akaunti ya mwenyewe au karatasini, hakuna fundi atakayezifungua.