Hatujazoea Kusoma Kimya

Msemo huu hauzeeki: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kitie ndani ya kitabu. Wanasiasa wanautumia, walimu wanautumia, na hata wachapishaji wanaotaka tuwanunulie vitabu wanautumia. Mgeni naye akiingia Mji wa Kale hapa Mombasa, akakaribishwa kahawa na kashata, hutembeza macho ukutani akaona saa, picha ya Makka na kabati la vyombo vya kauri. Rafu ya vitabu haioni. Akirudi kwao hueleza kwamba hawa ni watu wa masimulizi, maandishi hawanayo. Kumbe Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate kwa herufi za Kiarabu mwaka 1728, tena haukuandikwa ukafungiwe sandukuni.

Kosa la mgeni ni kwamba anamtafuta msomaji aliyejitenga pembeni, midomo kaifumba, kitabu kakiinamia. Mtu wa namna hiyo nyumbani kwetu angeulizwa kama anaumwa, au kama ana deni. Kwetu kitabu kilikuwa kimoja na wasomaji walikuwa nyumba nzima. Mwenye macho mazuri na sauti nzuri alisoma, waliobaki wakasikiliza na kumkatiza. Nalisisitiza hilo la kukatiza, maana ndilo linalosahauliwa hata na wanaotutetea.

Chukua Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, maradhi yamemkalia, kumuusia bintiye Mwana Hashima. Wengi kutoka nje wameusoma peke yao, kamusi ubavuni, wakatoka na hukumu moja: huu ni mwongozo wa kumtii mume. Waliowahi kuusikia ukighaniwa ukumbini baada ya alasiri hawakati hukumu upesi hivyo. Wanawake wamekaa mkekani, mikono haikosi kazi: huyu anasuka ukili, yule anachambua mchele, mwingine ana kofia ya mumewe mapajani anaimalizia kudarizi. Nakala anayo mmoja. Anaghani kwa mahadhi ya tenzi, taratibu, na kwa kuwa kipande cha mwisho cha kila ubeti kina kina kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, hata bibi asiyejua alifu wala bee hukipokea na kukimalizia pamoja naye.

Akifika pale bi harusi anapofundishwa kumpepea mume na kumkanda, utendi husimama. Hapo kila mtu ana lake. Mmoja atasema zama hizo zimepita. Wa pili atamkumbusha kwamba Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mtu aliyethubutu kumpinga Sayyid Said wa Unguja, na kwamba alipotunga mume alikwisha kufa. Basi alikuwa akimpendeza nani? Wa tatu, kwa kawaida aliye mkubwa kuliko wote, hurudi kwenye ubeti ambamo mume anafananishwa na mtoto asiyejua kunena, akauliza kwa upole: je, mtoto hutiiwa? Hapo kicheko hakizuiliki, na bi harusi mtarajiwa, kama yupo, hujifunika leso usoni. Nimewasikia wasomi wakijadili kama utendi ule una kejeli ndani yake au hauna. Mashangazi zangu walilijadili swali hilo huku wakitoa mawe kwenye mchele, na hawakulimaliza, wala hawakuona haja ya kulimaliza kwa siku moja. Mwana Kupona mwenyewe, karibu na mwisho, anawaita wanawake wote wausome wapate kuzifahamu maana zake. Wanawake wote, si Mwana Hashima peke yake.

Wanaume nao walikuwa na baraza zao, kahawa chungu kwenye dele na siasa za bandarini. Wameshaandikiwa mno, siwaongezei. Ila haki yao moja niwape. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840, hayakupata kuchapwa diwani mpaka mwaka 1940. Karne nzima! Mengi yaliishi vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kumwandikia Mwingereza Taylor. Shairi halikai kinywani miaka yote hiyo kwa kupendwa tu. Hukaa kwa sababu kuna mtu kila jioni anayelisoma vibaya na mwingine anayemrekebisha.

Elimu ya dini ilikwenda kwa mwendo huohuo. Katika darsa mwanafunzi husoma matini ya Kiarabu, sheikh humsimamisha, hufasiri kwa Kiswahili, swali likaulizwa, hata nyuma ya pazia walipo akina mama. Ndiyo maana wazee hawakumuuliza mtu amesoma vitabu vingapi. Walimuuliza kitabu hiki kakisoma kwa nani. Kukipitia peke yako tangu jalada hadi jalada hakukukupa idhini ya kukisomesha. Idhini, yaani ijaza, ilitoka kwa aliyekusikia ukikisoma. Na katika maulidi ya Barzanji milango hugawiwa, kitabu kikapita mkono hadi mkono, na kijana anayepewa mlango wa kwanza maishani mwake hutetemeka, maana akiteleza irabu moja atasahihishwa kwa sauti mbele ya mtaa mzima. 

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya dini na tenzi, kitabu cha kisasa ni jambo lingine. Halikuwa jingine. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilijaa mashairi ya wasomaji waliokuwa wakijibizana toleo kwa toleo. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilipotoka mwaka 1960, mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake waliingia barazani kama wakazi wa mtaa. Katika nyumba moja niijuayo, mwenye nakala alisoma sura moja kwa usiku na akawanyima watu usingizi kwa makusudi. Na Sauti ya Dhiki, mashairi ambayo Abdilatif Abdalla aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni, yakachapwa mwaka 1973: watu wa mji wake walikuwa wakiulizana yule mamba wa shairi mojawapo ni nani. Jibu walikuwa nalo. Raha ilikuwa katika kuulizana, tena kwa sauti ya chini kidogo.

Sasa ndiyo niseme yanayonikera. Shule ilitufundisha kusoma kimya, na hilo si baya, lakini ilitufundisha pia kwamba swali juu ya kitabu lina jibu moja na alama zake. Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Kenya hununua mwongozo wa kitabu teule kabla ya kitabu chenyewe, akakariri dhamira na maudhui, akafanya mtihani, na kitabu akamgawia mdogo wake bila kuwa na ugomvi wowote nacho. Mtu asiyepata kugombana juu ya kitabu hawezi kukipenda. Atakiheshimu tu, kama anavyomheshimu daktari wa meno. Nyumba nazo zimebadilika. Ghorofa mpya hazina baraza, na ukumbi umegeuzwa kuelekea televisheni.

Binamu zangu walioko Muscat na London wananiambia nisihuzunike: wao hutumiana kwenye simu tenzi zilizoghaniwa na kurekodiwa, sauti safi, hata kunguru hasikiki. Nimezisikiliza na ni nzuri. Tatizo langu ni kwamba yule mghani hakatiziki. Ukimwambia ‘hebu rudi nyuma kidogo, huyo mume ni wa nani?’ anaendelea tu na ubeti unaofuata, na wewe uko peke yako jikoni na hoja yako imekukaa kooni.

Siku hizi kuna pia vikundi vya wasomaji vinavyokutana hotelini, maswali yamechapwa kwenye karatasi na kila mtu ana dakika zake mbili. Sivilaumu, afadhali hivyo kuliko kukosa. Nikialikwa nitakwenda, nitanunua na hicho kitabu. Lakini nisiambiwe nisubiri mpaka mwisho ndipo ninyooshe mkono, na mchele wangu nitakuja nao.