Je, Wajua? Sefu Iliyogoma na Majina ya Intaneti

Kuna habari isiyochoka kuzunguka: eti duniani wapo watu saba walioshika funguo za intaneti, na siku wakikutana na kukubaliana wanaweza kuizima. Magazeti yameipamba, mitandao ya kijamii imeitia chumvi, na kila ikirudi inarudi na nyongeza mpya. Watu hao wapo kweli. Kuzima intaneti hawawezi, na hata idadi yao si hiyo. Walipochaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010 walikuwa 21: saba wa kituo cha Culpeper, Virginia, saba wa kituo cha El Segundo, California, na saba wengine wa akiba, wanaotunza kadi za kufufulia mfumo endapo vituo vyote viwili vitateketea. Kati yao walikuwamo Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, Alain Aina wa Benin na Moussa Guebre wa Burkina Faso.

Wale 14 wa vituoni wanachobeba ni ufunguo wa chuma, wa kufungulia kisanduku kilichomo ndani ya sefu. Na hiyo sefu hawana ruhusa ya kuifungua wao wenyewe.

Kinacholindwa kwa mbwembwe zote hizo ni kitu ambacho wengi hawajui kama kipo: ufunguo wa kutia saini orodha ya juu kabisa ya majina ya intaneti, ile inayojua .tz iko wapi, .ke iko wapi na .com iko wapi. Seva za majina ndizo zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Zikifanya kazi hakuna anayezikumbuka, zikikosea lawama huenda kwa kampuni ya simu. Tarehe 4 Oktoba 2021, saa kumi na mbili na dakika 40 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilitoweka kwa karibu saa sita. Watu walizima simu na kuziwasha, wengine wakaongeza bando. Chanzo kilikuwa kosa la matengenezo lililokata mtandao wa ndani wa Facebook. Seva zake za majina zilipoona zimepoteza mawasiliano na vituo vya data, zikajiondoa zenyewe kwenye ramani ya intaneti, kama zilivyopangiwa. Jina likabaki halina wa kulijibia.

Kunyamaza, hata hivyo, ni afadhali kuliko kudanganya. Mfumo huu wa majina, DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, zama ambazo waliounganishwa walikuwa vyuo na taasisi zilizofahamiana, na jibu lilipokewa bila kuulizwa limetoka kwa nani. Kinga pekee ilikuwa namba ya utambulisho ya swali, kati ya 0 na 65,535. Tapeli akiwahi kuleta jibu la uongo lenye namba sahihi, seva ililiamini na kulihifadhi. Wataalamu waliijua hatari hiyo, ila walijifariji kwamba tapeli akikosa mara moja, jibu la kweli huhifadhiwa kwa saa kadhaa na yeye hulazimika kusubiri.

Mwaka 2008 Dan Kaminsky, mtafiti wa Marekani, aliondoa kule kusubiri. Tapeli hahitaji kuuliza jina lenyewe la benki. Aulize majina ya uzushi yaliyo chini yake, la kwanza, la pili, la elfu moja, ambayo hayamo kwenye kumbukumbu ya seva yoyote. Kila jina ni mbio mpya. Na katika kila jibu la uongo apachike taarifa ya ziada: seva ya benki hii imehamia kwangu. Akishinda mbio moja tu, benki nzima ni yake. Kampuni kubwa zilikaa kimya miezi kadhaa zikitengeneza kiraka, na tarehe 8 Julai 2008 zikakitoa kwa pamoja. Kiraka kilikuwa kubadilisha kiholela namba ya poti, yaani mlango ambako swali hutokea, ili tapeli abahatishe namba mbili badala ya moja. Daniel Bernstein alikuwa amefanya hivyo miaka mingi kabla, kwenye programu yake ya djbdns, na wengi walimwona mkorofi tu.

Kiraka kilinunua muda. Dawa yenyewe ni saini, utaratibu unaoitwa DNSSEC, na namna unavyofanya kazi haiwezi kumshangaza mtu aliyewahi kuhangaikia barua ya utambulisho: mjumbe anakuthibitisha kwa mtendaji wa mtaa, mtendaji anathibitishwa na kata, kata na wilaya, kila mmoja na muhuri wake. Seva ya kampuni inathibitishwa na co.tz, co.tz na .tz, na .tz na mzizi, yaani ile orodha ya juu kabisa. Juu ya mzizi hakuna mtu. Ndiyo maana ufunguo wa mzizi unafanyiwa sherehe, na ndivyo inavyoitwa rasmi.

Sherehe ya kwanza ilifanyika Culpeper tarehe 16 Juni 2010. Mwezi uliofuata mzizi ukawa umetiwa saini. Tangu hapo kwa kawaida hufanyika mara nne kwa mwaka, vituo vikipokezana, chini ya shirika la ICANN. Anayetarajia sinema atasinzia. Washiriki hukaa kwenye chumba kilichozingirwa kwa vyuma, chini ya kamera zinazorusha kila kitu moja kwa moja kwa yeyote anayetaka kutazama. Kila mmoja ana karatasi ya hatua. Hatua ikikamilika shahidi huandika saa na kutia herufi za jina lake. Sefu moja ina vifaa vinavyotunza ufunguo, ambavyo vimeundwa vijifute vyenyewe vikichokonolewa. Sefu nyingine ina visanduku vyenye kadi za chipu. Lazima wapatikane angalau watatu kati ya wale saba wa kituo, kila mmoja na kadi yake, ndipo kifaa kiamke. Kompyuta inayotumika haina diski wala betri. Kinachotiwa saini ni orodha ya funguo za muda zinazosaini majina ya mzizi; huja kutoka kampuni ya Verisign, na ili kuhakikisha haikuchezewa njiani, alama yake ya kihesabu husomwa kwa sauti kama msururu wa maneno yasiyo na uhusiano, huku wengine wakifuatilia kwenye karatasi zao. Mwisho msimamizi anabonyeza herufi moja. Saini za miezi mitatu zimepatikana.

Februari 2020 kufuli la mojawapo ya masefu ya El Segundo liligoma. Watu walikuwa wamesafiri kutoka mabara tofauti, kamera ziko tayari, sefu haifunguki. Sherehe iliyopangwa tarehe 12 iliahirishwa, akaitwa fundi wa makufuli, chuma kikatobolewa kwa keekee, na kazi ikafanyika siku chache baadaye. Wengi walicheka. Wenye kuelewa hawakucheka sana, kwa kuwa saini zina tarehe ya mwisho, na zikiisha bila mpya, kila seva inayokagua saini duniani ingekataa majibu yote. Miezi miwili baadaye korona ilikuwa imefunga viwanja vya ndege. Baadhi ya washika funguo walituma funguo zao kwa vifurushi vilivyofungwa kwa namna inayoonyesha kama vimeguswa, wakafuatilia kwa video, na safari hiyo zikatiwa saini za miezi tisa kwa mkupuo. Kaminsky mwenyewe, aliyefichua tundu lile, alikuwa miongoni mwa wale saba wa akiba. Alifariki Aprili 2021.

Jambo gumu kuliko yote katika saini hizi ni kusaini “hapana”. Jina lipo, unalisaini, rahisi. Lakini jina lisilokuwepo linasainiwaje, na mtu anaweza kuuliza mamilioni ya majina yasiyokuwepo? Wabunifu walipanga majina yote kwa mfuatano wa alfabeti na kusaini mapengo: kati ya “barua” na “duka” hakuna kitu. Akiuliza “chai”, anapewa pengo hilo lenye saini, naye anajua kweli haipo. Ni akili nzuri, ila ina kasoro ya kuchekesha: anayeuliza mapengo moja baada ya jingine anaondoka na orodha yako yote, pamoja na zile seva ulizodhani umezificha. Mwaka 2008 ukatoka utaratibu wa pili, NSEC3, unaosaga majina kihesabu kabla ya kuyapanga. Hata hivyo majibu ya “hapana” hayamsamehe kirahisi fundi mwenye haraka. Septemba 2021 kampuni ya Slack ilijaribu kuweka saini kwenye jina lake, ikakwama kwenye majibu hayahaya ya “hapana”, ikaziondoa saini kwa pupa, na baadhi ya wateja wakakosa huduma kwa karibu siku nzima kwa kuwa seva za watu zilikuwa bado zimehifadhi taarifa kwamba saini zipo.

Ukitoka El Segundo ukaingia chumba cha seva cha taasisi ya kawaida ya kwetu, utaona ufa ulipo. Hela ya ukuta wa moto inapatikana, hela ya tovuti yenye picha zinazotembea inapatikana. Seva ya majina imewekwa na kijana wa mafunzo ya vitendo aliyeshaondoka, na ya pili, ambayo kazi yake ni kushika zamu ya kwanza ikianguka, iko kabati lilelile, kwenye umeme uleule. Ukiiomba nakala ya orodha nzima ya majina ya ndani, inakupa bila kuuliza wewe nani. Inajibu maswali ya mtu yeyote duniani, na hapo inakuwa silaha: tapeli anatuma swali la baiti zipatazo 60 akijifanya ni mtu mwingine, na huyo mwingine anamwagiwa jibu la baiti 3,000. Machi 2013 shirika la Spamhaus lilishambuliwa hivyo, na kiwango kilichotangazwa kilifika gigabiti 300 kwa sekunde. Seva zilizotumika zilikuwa za watu wasio na habari, waliosahau kuandika mstari mmoja wa kusema nani aruhusiwe kuuliza.

Mambo yanayoangusha nchi nzima ni madogo kwa namna ya kuudhi. Katika faili la majina, jina kamili lazima limalizike na nukta. Bila nukta, seva hulibandika jina la kikoa kwa mara ya pili. Tarehe 12 Oktoba 2009 programu ya kuandaa faili la .se, kikoa cha Sweden, ilisahau nukta hiyo. Majina yapatayo 900,000 yakapotea. Na hao ndio waliokuwa wa kwanza duniani kutia saini kikoa cha nchi, mwaka 2005.

Kisa cha Kongo kinauma zaidi. Mwishoni mwa 2020 Fredrik Almroth, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya usalama ya Detectify ya Sweden, alikuwa akikagua seva za vikoa vya nchi. Akaona seva mbili za .cd, kikoa cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zinatumia jina scpt-network.com, na jina hilo usajili wake umekwisha, linaelekea kuachwa huru kwa yeyote mwenye dola chache. Akaliwahi kabla halijachukuliwa na mwizi. Kwa siku hizo mtu mmoja, mbali na Kinshasa, aliweza kujibu karibu nusu ya maswali yote kuhusu tovuti za nchi yenye watu zaidi ya milioni 90. Aliwaarifu wasimamizi, nao wakahamia jina jingine. Hakukuwa na udukuzi wala hila. Ada ya mwaka haikulipwa, basi.

Kwa upande wa saini, .tz imekwisha kutiwa saini, na anayemiliki jina chini yake anaweza kuomba na lake liingizwe kwenye mnyororo. Wachache huomba. Na saini haina faida kama seva inayouliza kwa niaba ya wateja haiikagui. Kwenye BIND, programu iliyozaliwa chuo kikuu cha Berkeley na ambayo bado ndiyo mazoea ya mafundi wengi, ni mstari mmoja, dnssec-validation auto. Na kuhakikisha saa ya seva iko sawa. Ukaguzi wenyewe umewahi kuwa mlango wa matatizo: Februari 2024 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa pakiti moja iliyosukwa kwa ustadi ingeweza kuishughulisha BIND isiyosasishwa kwa hadi saa 16. Kwa hiyo sasisha. Tena ifahamike kwamba saini haifichi kitu. Anayechungulia laini bado anaona umeuliza nini, na kuficha ni kazi ya DNS iliyosimbwa, ya poti 853 au ile ipitayo ndani ya HTTPS.

Ukishakuwa na majina yenye saini, yapo mengine ya kufanya nayo: kutangaza cheti cha seva ya barua pepe, kuhifadhi alama za funguo za SSH, kutaja ni mamlaka gani iruhusiwe kutoa vyeti vyako, kupunguza barua bandia, na kadhalika.

Kuna tarehe moja ya kuandikwa ukutani. Ufunguo wa mzizi ulibadilishwa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Oktoba 2018, mwaka mzima baada ya tarehe ya awali, kwa hofu ya seva ambazo zilikuwa hazijaupokea mpya. Wa tatu uliundwa Aprili 2024, umeonekana kwenye mzizi tangu Januari 2025, na ratiba iliyotangazwa inataja 11 Oktoba 2026 kuwa siku ya kuanza kuutumia. Seva zilizoachiwa zijisasishe zenyewe zitaivuka siku hiyo bila mtu kujua. Zile ambazo fundi aliandika namba ya ufunguo kwa mkono, akaenda zake, zitaanza kukataa kila jina, na simu zitaanza kulia kwa kampuni ya intaneti.