Namba Iliyosimama Mpakani

Saa tano asubuhi, Silver Spring. Mama wa zamu ya usiku ndiyo kwanza amejilaza, simu inalia: majibu ya damu yametoka. TSH ni 4.4, na mpaka wa juu wa maabara ni 4.5. Daktari ameandika kwa kifupi kwamba kila kitu kiko kawaida. Lakini mama huyu ana miezi minane anaamka amechoka kuliko alivyolala, ngozi imekauka, kilo zinaongezeka. Anampigia mdogo wake aliye Woodbridge, ng'ambo ya mto Potomac. "Dada, hiyo ni tezi," anaambiwa. "Maabara ninayopimia mimi mpaka wao ni 4.0. Ungepimia huku ungeambiwa mgonjwa."

Mama huyu nimemtunga, ila wenzake ni wengi katika eneo hili la Washington. Na mdogo wake hajasema uongo. Mpaka wa maabara hauchorwi na ugonjwa, unachorwa na hesabu. Hupimwa watu wanaoonekana wazima, kisha huondolewa asilimia 2.5 walio juu kabisa na asilimia 2.5 walio chini kabisa. Waliobaki katikati ndio wanaoitwa kawaida. Uchunguzi mkubwa wa afya wa Marekani uliofanywa kati ya 1988 na 1994 ulipata mpaka wa juu wa 4.12. Humo humo ilionekana kwamba Wamarekani weusi wana TSH ya chini kidogo kuliko weupe, na kwamba namba hupanda kadiri umri unavyokwenda. Hata hivyo bibi wa miaka 80 na binti wa miaka 25 mara nyingi husomewa kwa mpaka mmoja.

TSH yenyewe haitengenezwi na dundumio, ile tezi ya shingoni tunayoiita thairoidi. Inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kama ya msimamizi: dundumio likizembea, msimamizi anapaza sauti. Homoni ya dundumio iitwayo T4 ikipungua kidogo, TSH hupanda sana, na ndiyo maana tunaipima hiyo kwanza.

Kuna jambo moja linalompa mgonjwa haki ya kutoridhika na neno "kawaida". Mwaka 2002 watafiti wa Denmark walichapisha vipimo vya wanaume 16 wazima, waliotolewa damu kila mwezi kwa mwaka mzima. Kila mmoja alikuwa na uwanja wake mwembamba wa namba, karibu nusu tu ya ule wa kundi zima. Kwa hiyo aliyezoea 1.2 akifika 4.4, kwake huo ni mwendo mrefu, japo kwenye karatasi hajavuka mpaka. Anayekaa kwenye 4 maisha yake yote hajabadilika hata kidogo. Majibu ya miaka iliyopita, hata yale ya Muhimbili au Aga Khan yaliyobaki kwenye bahasha kabatini, yana thamani kuliko watu wanavyodhani.

Sasa turudi kwenye zamu. TSH hupanda usiku na kushuka mchana, na usingizi ndio unaoizuia isipande zaidi. Mtu aliyekesha akiwageuza wazee kitandani, kisha akapitia maabara saa mbili asubuhi kabla ya kwenda kulala, anaweza kutoa namba iliyopandishwa na mkesha wenyewe. Anachoka kwa sababu hakulala, na kipimo kinachotafuta sababu ya uchovu nacho kimevurugwa na kutolala! Halafu kuna vidonge vya kukuza nywele na kucha. Vingi vina biotini kwa wingi, nayo huharibu baadhi ya vipimo vya maabara. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake. Mara nyingi biotini huishusha TSH kwa uongo, kwa hiyo tatizo la kweli linaweza kujificha.

Kipimo kingine kinachofaa kuombwa ni kingamwili za thairoidi. Zikiwepo, huenda mwili wenyewe unalishambulia dundumio polepole, ugonjwa alioueleza daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912. Huko Whickham, Uingereza, wanawake walifuatiliwa kwa miaka 20: wenye TSH iliyopanda pamoja na kingamwili, takriban 4 kati ya 100 walifikia upungufu kamili wa homoni ya dundumio kila mwaka. Mwenye vyote viwili si wa kuambiwa tu aende nyumbani. Ni wa kupimwa tena na tena.

Na kidonge je? Wengi wanataka levothairoksini, dawa ya dundumio, ili wajaribu tu. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa watu 737 wa Ulaya wenye umri wa miaka 65 na zaidi, TSH yao kwa wastani 6.4. Nusu walipewa dawa, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya mwaka mmoja uchovu wao ulikuwa sawasawa. Tena wale wasiopewa dawa, TSH yao ilishuka yenyewe hadi 5.48. Ni kweli, walikuwa wazee na hawakuwa na dalili kali, siwezi kuwahamishia majibu yao vijana wote. Lakini dawa ikizidi huuendesha moyo mbio na kula mifupa, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Mjamzito na anayetafuta mimba wana hesabu yao nyingine. Hao wamwone daktari mapema.

Mimi kabla ya kidonge ningetafuta madini ya chuma. Hemoglobini inaweza kuwa nzuri huku akiba imekwisha, na akiba hupimwa kwa feritini, kipimo ambacho mara nyingi hakimo kwenye orodha mpaka kiombwe. Mwanamke mwenye faibroidi na hedhi nzito, anayekunywa chai ya rangi na kila mlo, ana sababu mbili za kuishiwa. Ningeuliza pia kama anakoroma na kukatika pumzi usingizini, na kama bado anacheka. Sonona kwetu husema kwa mdomo wa mwili: kichwa, mgongo, uchovu.

Kisukari, ambacho nacho huchosha, kina mtego wake. Pale Bethesda, kwenye taasisi za afya za NIH, Dkt. Anne Sumner na wenzake wamewapima wahamiaji waliozaliwa Afrika wanaoishi eneo hili la Washington. Kipimo cha sukari cha A1c peke yake kiliwakosa wengi ambao kipimo cha kunywa maji ya sukari kiliwanasa. Kwa wenye kinasaba kimoja cha selimundu, ambacho si kigeni Pwani wala Kanda ya Ziwa, A1c husoma chini ya hali halisi.

Mama wa Silver Spring arudie TSH baada ya miezi miwili au mitatu, maabara ileile, asubuhi, akiwa amelala usiku mara tatu mfululizo. Vidonge vya nywele aviache siku mbili kabla, na kopo lake aje nalo.