Tangi la Samaki wa Bahari Lililokwisha Kutumika: Namna ya Kuandaa Uchujaji wa Maji

Mkaazi wa Unguja au Pemba hana haja ya kujiuliza ni nani anayeyasafisha maji wanamoishi samaki wa miamba. Bahari hujisafisha yenyewe. Hata katika bwawa la kasa la Mnarani, Nungwi, ambalo limekuwa likihifadhi kasa tangu mwaka 1993, kazi ya chujio hufanywa na maji kujaa na maji kupwa. Wapo hata hivyo wenyeji wa visiwani wanaofanya biashara bara, wengine mbali kabisa na pwani. Yeyote miongoni mwao anayekusudia kuweka samaki wa bahari katika mkahawa au duka lake analazimika kuifanya mwenyewe kazi ambayo kwao hufanywa na bamvua.

Maelezo haya yanachukua mfano wa Nyarugusu, mji mdogo wa wachimbaji dhahabu katika Mkoa wa Geita. (Isichanganywe na kambi ya wakimbizi yenye jina hilo hilo iliyopo Kasulu, Kigoma.) Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza peke yake ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na ndipo msafiri avuke ziwa kwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kuelekea Geita. Maji ya bahari hayawezi kusafirishwa kila wiki kwa masafa hayo. Aidha, Nyarugusu ni mahali pa dhahabu, na jambo hilo linagusa moja kwa moja usalama wa tangi lililonunuliwa kwa mtu mwingine.

Swali la kwanza kuhusu tangi kuukuu ni lilibeba nini kabla, na bei ifuate baada ya jibu. Katika ukanda wa dhahabu, matangi na mapipa ya plastiki hutumika kuhifadhia kemikali, zikiwemo zebaki na sianaidi. Pipa lililowahi kubeba vitu hivyo halifai kwa samaki wala kwa matumizi yoyote ya nyumbani, hata likioshwa mara ngapi. Tangi la kioo lililokuwa na samaki lina hatari ndogo zaidi, lakini si kwamba halina. Wafugaji wengi hutibu maradhi ya ngozi ya samaki kwa dawa yenye shaba, na shaba hiyo hubaki ndani ya mchanga, mawe na gundi ya pembeni. Samaki huweza kuivumilia kwa kiasi. Kamba, kaa na konokono hufa. Kwa hiyo mchanga wa zamani utupwe wote. Kioo kioshwe kwa siki na maji safi bila sabuni, kisha tangi lijazwe maji baridi na kuachwa nje mahali tambarare kwa siku kadhaa ili kuona kama linavuja. Ni nafuu livuje uani kuliko ndani ya mkahawa.

Mathalan tangi lina urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60. Likijaa pomoni linachukua lita 648. Ukitoa nafasi ya juu na ya mchanga, maji halisi ni kama lita 550. Uzito wa maji hayo unazidi kilo 560, mbali na kioo chenyewe, na meza ya mbao ya kawaida haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Maji ya kuanzia yanahitaji uangalifu zaidi ya chumvi. Kisima kilicho karibu na sehemu za kusafishia dhahabu huweza kuwa na madini yasiyoonekana wala kuonja, na kuyachemsha maji hakuyaondoi madini hayo. Huyazidisha, kwa kuwa maji hupungua na madini yakabaki. Njia ya kutegemewa ni mashine inayoyasukuma maji kupita katika utando mwembamba unaozuia chumvi na madini. Ndipo itiwe chumvi maalumu ya bahari, kiasi cha gramu 35 kwa kila lita, yaani kilo 20 hadi 22 kwa tangi hili, kwani chumvi hiyo huwa na unyevu. Chumvi ya mezani haitoshi, na ya Uvinza, ingawa inapatikana kwa urahisi zaidi katika kanda hiyo, haitoshi vilevile. Hizo ni chumvi ya kupikia, na bahari ina pia magnesi, kalisi, potasi na mengineyo ambayo samaki wa miamba hawezi kuishi bila ya hayo.

Sasa uchujaji wenyewe. Utaratibu unaofaa kwa tangi kubwa ni kuweka tangi la pili, dogo, chini ya lile la kioo. Maji humwagika kutoka ukingo wa juu, hushuka kwa bomba la plastiki, hupita katika vichujio ndani ya tangi la chini, kisha pampu huyarudisha juu. Pampu iweze kuyazungusha maji yote walau mara 5 kwa saa, yaani lita 2,750 kwa saa. Mnunuzi asitosheke na namba iliyoandikwa kwenye pampu, kwani hiyo ni nguvu yake bila mlima. Ikipandisha maji zaidi ya mita moja, hupungua sana. Viungo vya shaba na mabomba ya bati yasitumike popote maji ya chumvi yanapopita.

Wakaazi wa Nyarugusu wanazijua kazi tatu kati ya nne za chujio hili, kwa kuwa ndizo zinazotumika katika dhahabu.

Ya kwanza ni kuzuia uchafu mkubwa kwa sponji. Inatosha kukumbusha kwamba uchafu ulionaswa bado umo ndani ya maji. Sponji isipooshwa kila wiki, huwa ni jaa badala ya chujio.

Ya pili ni povu. Katika mgodi wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, mawe yaliyosagwa hupitishwa katika maji yenye mapovu; chembe za madini hushikamana na mapovu na kupanda juu, na hivyo ndivyo yalivyopatikana makinikia ambayo Serikali ilizuia kusafirishwa nje mwaka 2017. Chombo cha povu cha tangi la samaki hufanya vivyo hivyo: hewa huingizwa kwa mapovu madogo sana ndani ya maji ya chumvi, utomvu wa kinyesi na mabaki ya chakula hushika kwenye mapovu, na povu la rangi ya chai humwagika katika kikombe cha juu. Uchafu huo hutoka kabla haujaoza, nayo ndiyo faida yake kubwa. Chombo hiki hakifanyi kazi ipasavyo katika maji baridi, kwa hiyo aliyewahi kufuga sato huenda hajakiona.

Ya tatu ni kaboni. Mitambo ya kutenganisha dhahabu hutumia punje nyeusi za kaboni kunasa dhahabu iliyoyeyuka katika sianaidi, na nyingi ya punje hizo hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Kaboni ya namna hiyo hiyo, ikiwa mpya, huondoa harufu na rangi ya manjano katika tangi. Inafaa isisitizwe: kaboni iliyokwisha pita mtamboni isitiwe kamwe katika tangi la samaki, hata ikitolewa bure, kwa kuwa imebeba sianaidi na madini. Wala mtu asidhani kwamba mkaa wa vifuu aliouchoma nyumbani ni kaboni hiyo. Ile hupitishwa katika mvuke wenye joto kali mno hadi ifunguke vitundu visivyohesabika.

Kazi ya nne haipo mgodini, nayo ndiyo inayoua samaki wengi kwa kutojulikana. Samaki hutoa amonia, na mabaki ya chakula vilevile. Amonia ni sumu, na ukali wake huongezeka katika maji ya bahari kwa kuwa hayana uchachu kama yalivyo maji mengi ya mito. Sponji haiizuii amonia, na kaboni haiinasi. Huondolewa na bakteria. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi jengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia kwa kiasi na ambayo hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa juu ya vitu vigumu mahali penye maji yanayokwenda na hewa ya kutosha. Wanaweza kujengewa makaazi kwa vizibo vya plastiki vya chupa za maji, mamia kwa mamia, vilivyooshwa vizuri na kutiwa katika tangi la chini.

Makaazi hununuliwa kwa siku moja. Wakaazi wake hungojewa. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Katika muda huo tangi huendeshwa bila samaki, likiwa na kipande kidogo cha kamba mbichi kinachoachwa kioze ili bakteria wapate chakula, na maji hupimwa kwa dawa za vipimo. Amonia hupanda kisha hushuka. Nitriti nayo hupanda baadaye na kushuka. Zote mbili zikifika sifuri na kubakia hapo, tangi liko tayari. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo tangu siku ya pili, na anayetazama kwa macho hudanganyika akatia kangaja watano. Baada ya wiki moja hana hata mmoja.

Umeme unapokatika, hatari ni mbili. Maji ya juu hushuka hadi kwenye ukingo, na kila sentimita moja ya tangi hili ni lita 10.8, tangi la chini liwe na nafasi ya kuyapokea. Hatari kubwa zaidi ni bomba la kurudishia maji. Mdomo wake ukiwa sentimita 20 chini ya uso wa maji, utavuta kinyumenyume lita 216 na kuzimwaga sakafuni. Tundu dogo litobolewe katika bomba hilo, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili hewa iingie na kuukata mvuto huo. Vali ya kuzuia maji yasirudi isitegemewe peke yake, kwani huziba kwa chumvi na uchafu.

Hatari ya pili ni hewa. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Nyarugusu iko juu zaidi. Katika kimo hicho maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko pwani. Samaki na bakteria wote wanaihitaji. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri iwe tayari wakati wote, na chujio la mkebe uliofungwa likikaa saa nyingi bila umeme, maji yaliyomo yamwagwe kabla ya kuliwasha tena. Pampu ya hewa isiwekwe katika chumba kinachochomewa zebaki, kwa kuwa huvuta hewa ya chumba hicho na kuipeleka majini. Chumba cha namna hiyo, kwa hakika, hakifai mkahawa wala mtu.

Baada ya hapo kazi ni ya kawaida. Maji yanayopungua kwa joto hufidiwa kwa maji baridi yaliyosafishwa, si ya chumvi, kwani chumvi haipotei angani. Kila wiki hubadilishwa sehemu moja ya kumi, yaani lita 55. Vizibo vikihitaji kusuuzwa, visuuzwe katika maji yaliyotolewa tanginì humo. Maji ya bomba yenye klorini huwaua bakteria, na dawa nyingi za samaki hufanya hivyo pia.

Samaki waingizwe mmoja au wawili, kisha maji yapimwe kwa wiki mbili kabla ya kuongeza wengine. Uvuaji wao Zanzibar unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010, na bara na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003. Anayetaka kuwachukua aanze kwa kuulizia kibali katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu naye. Matumbawe magumu na farasi wa baharini wamo pia katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hawavuki mpaka wa nchi bila hati.

Maji ya chumvi yanayotolewa yasimwagwe shambani wala karibu na kisima. Lita 55 zina karibu kilo 2 za chumvi, na zikimwagwa mahali pamoja kila wiki, ardhi hiyo haitaotesha mhogo.